Ijumaa Niliyozungushwa Juu ya Harusi

Tangu nirudi Pemba sijapata kupima gunia moja la karafuu kwa utulivu. Kila mwenye mzigo akifika ghalani huuliza kwanza, "Ehe, Bwana Khamisi, na safari ya ndege?" Nikijibu kwamba ilikuwa salama, huangaliana na mwenziwe wakacheka. Najua habari imevuka bahari kabla yangu, na najua imetiwa chumvi njiani. Basi naiandika mwenyewe, mara moja, kama ilivyokuwa. Mkishaisoma mniache nifanye kazi.

Kwa asiyenijua: mimi ni mpimaji wa karafuu hapa Chake. Mtu huleta gunia lake, mimi hutia mkono ndani, huvunja punje mbili tatu, hunusa, kisha husema zimekauka au bado. Nikisema bado, hurudi nazo akaanike tena, hata kama ametoka nazo mbali na jua limeshamkausha yeye mwenyewe. Ni kazi ya kusema ndiyo au hapana, na nimeizoea.

Safari yenyewe ilikuwa ya kumuoza dada yangu Zuwena. Yeye anakaa Unguja, mtaa wa Vikokotoni, kwa mama yetu mdogo, Bi Moza. Baba yetu amefariki na sina ndugu mwingine wa kiume, kwa hiyo walii wake ni mimi. Bila ya neno langu, ndivyo nilivyoamini, hakuna nikaha. Kabla ya huyu walikuja wawili kumposa. Wa kwanza nilimkataa kwa sababu alikuwa mtu wa kuchekacheka. Wa pili sikumkataa. Nilisema ngojeni kidogo nifikiri, naye baada ya mwaka na nusu akachoka kungoja akaoa Makunduchi. Wa tatu ni Salim, mfanyakazi wa chumba cha injini katika meli ya mizigo. Huyu nilimkubali, tena upesi, baada ya miezi minane.

Meli ya Salim ilikuwa iondoke Jumamosi asubuhi, na ikishaondoka harudi mpaka mwaka upite. Nikaha ikawekwa Ijumaa baada ya sala ya Alasiri. Nikichelewa, Zuwena atabaki kama alivyo, na safari hii hata mimi niliona kwamba hiyo ingekuwa aibu.

Aliniandikia nije kwa meli ya Jumatatu. Nikamjibu kwamba nina magunia ya watu, nitakuja Ijumaa kwa ndege, nusu saa tu nimefika. Nawaambieni kweli, magunia hayakuwa mengi. Nilitaka kufika kwa ndege. Nilitaka watu wa Vikokotoni waulizane walii kaja na chombo gani, na nilitaka jibu liwafike vizuri. Namna nilivyokipata kiti chenyewe nairuka, maana haina maana wala sifa.

Kutoka Madungu hadi uwanjani

Niliondoka nyumbani Madungu saa mbili asubuhi, kanzu imepigwa pasi mpaka inasimama peke yake. Ndege ilitajwa kuwa ya saa tatu. Saa tatu ikaja, saa nne ikaja, ndege haikuja. Kwenye benchi la uwanjani nilimkuta mama mmoja mtu mzima, Bi Time wa Kisiwa Panza, anakwenda Unguja kwa mwanawe aliyejifungua. Alikuwa na kapu kubwa lenye mikate ya mofa na pweza mkavu, na pweza huyo alijitambulisha kabla ya mwenyewe.

"Sabalkheri, mama."

"Kheri, mwanangu. Weye si yule wa ghalani?"

Nikasema ndiye. Akanitazama, akasogeza kapu lake mbali nami. Nilidhani ni heshima.

Saa tano kasoro ndege ikatokea. Ilikuwa ndogo, ya injini mbili, na badala ya kutua ikazunguka. Ikazunguka tena. Ikashuka mpaka tukaona matairi, watu wakaziba masikio, kisha ikapaa upya. Mnajua siku zile vyama vilivyokuwa vimepamba moto, hata kivuli cha mwembe watu hawakigawani. Waliokuwa karibu na uwanja wakaona ni ndege ya kumwaga karatasi za uchaguzi. Wa chama hiki wakakimbilia mashariki wazidake, wa chama kile wakakimbilia magharibi wazichane. Ndege ikazunguka mara ya tatu bila kumwaga chochote.

"Yatutukana hino," akasema mzee mmoja, na kwa mara ya kwanza mwaka ule watu wa pande mbili wakakubaliana.

Ilipotua walishuka Wazungu wawili. Mmoja mtu mzima, ana sharubu na sauti ya kuamrisha; nitamwita Kapteni. Wa pili kijana mwembamba mwenye jasho, kashika kitu cha turubai na kadibodi mfano wa pazia la dirisha. Jina lake alinitajia nikalisahau papo hapo, basi huyo ni Bwana Pazia. Nikamuuliza Kapteni kwa Kiingereza changu cha skuli kama wanakwenda Unguja.

"Unguja, ndiyo," akasema.

"Moja kwa moja?"

"Kama tulivyopanga kwenye karatasi."

Mtu mwenye akili angeuliza karatasi imepangwaje. Mimi nilipanda, nikakunja kanzu vizuri nikakaa.

Kutoka Chake hadi Tanga, ambako sikutumwa na mtu

Tulipokwisha kuruka, Bwana Pazia akalitundika lile turubai mbele ya uso wake, kulia na kushoto, mpaka akawa haoni nje hata kidogo. Haoni mbele, haoni bahari, haoni jua. Anaona saa za vipimo zilizopangwa mbele yake tu, na usukani kaushika yeye.

Bi Time akanivuta mkono wa kanzu. "Mwanangu, huyo mbona kajifunika?"

Sikujua. Nikamuuliza Kapteni. Akageuka nusu, akafurahi kuulizwa, akanieleza kwa urefu. Kijana anajifunza kuendesha ndege bila kuona nje, kwa vipimo na sauti ya redio peke yake. Anatafuta uwanja hivyo hivyo, anashuka hivyo hivyo, na akikaribia chini kabisa hapewi kutua, hupanda juu kuanza upya. Siku moja atakutana na mawingu mazito, na siku hiyo itamfaa. Yeye Kapteni anatazama nje kwa niaba ya wote.

Nikamfasiria Bi Time. Akainama kwenye kidirisha, akatazama mbingu kutoka upande mmoja hadi wa pili. Ilikuwa nyeupe, wingu hakuna hata la kusingizia.

"Basi si wangengoja siku ya mawingu?"

Nikauliza. Kapteni akasema siku ya mawingu ni hatari.

"Haya," akasema Bi Time. "Akili hino yao wenyewe."

Nikaona mbele yetu milima. Unguja haina milima ya namna ile. Nikamgusa Kapteni begani, nikauliza ile ni nchi gani, akajibu kwa upole kwamba ni Tanga, kuna mlingoti mzuri wa redio pale, watafanya mazoezi mawili kisha tuendelee. Nikamwambia nina harusi. Akanipongeza.

Jambo lililonichekesha kwanza, kabla halijaniudhi, ni ruhusa zao. Kapteni haendi hatua bila kuomba. Huomba kwenye redio ashuke mpaka kimo fulani. Sauti ya chini humjibu kwamba ashuke mpaka kimo hicho hicho. Naye hulirudia jibu lote neno kwa neno, kimo, upande, dakika. Akikosea tarakimu moja huanza upya. Na mbingu yote ile ilikuwa tupu. Hakukuwa na ndege nyingine mpaka kwenye ukingo wa macho. Walikuwa watu wazima watatu, mmoja kajifunika uso, wanapeana idhini ya kupita mahali ambapo hakuna aliyewazuia.

Tukashuka. Mashamba ya mkonge yakaja juu, kisha reli, kisha mbuzi, kisha mtu kasimama na baiskeli yake anatutazama. Bi Time akasema bismillahi, akafungua mkanda, akakamata kapu lake, akakaa tayari kuteremka.

"Bado, Bi Time, hapa si Unguja."

"Hata kama si Unguja, mie nateremka. Ntatafuta chombo chengine."

Papo hapo injini zikanguruma na ndege ikainua kichwa. Kapu likamponyoka, mikate ikabingirika mpaka nyuma, na pweza mmoja akapita hewani akatua kwenye kanzu yangu iliyopigwa pasi. Bwana Pazia, ndani ya turubai lake, akanusa, akauliza kwa wasiwasi kama injini inaungua. Kapteni akamwambia atazame vipimo vyake.

Mara ya pili ilikuwa vile vile, ila sasa mimi na Bi Time tulimshika pweza kwa pamoja.

Juu ya Unguja, mara tatu

Saa sita na nusu tuliiona Unguja, na nakiri moyo wangu ulifurahi. Sala ya Ijumaa ilikuwa inanipita, lakini msafiri ana udhuru wake, na Alasiri ilikuwa mbali. Nikajipangusa pweza kwa leso. Nikachana ndevu.

Tukashuka juu ya minazi ya Chukwani. Nikaona njia ya Kisauni, nikaona uwanja wenyewe, nikaona taksi mbili zimesimama kivulini na madereva wamelala ndani. Injini zikanguruma tukapanda.

"Mazoezi tu," akasema Kapteni. "Mawili zaidi."

"Kisha tunatua?"

"Kisha Dar es Salaam. Huko tunatua. Halafu tunarudi hapa, tunatua."

Nilidhani Kiingereza changu ndicho kibovu. Nikamwomba aseme tena, akasema tena. Karatasi ya safari, akaeleza, imeandikwa na kupelekwa tangu jana: Pemba, Tanga mazoezi, Unguja mazoezi, Dar es Salaam kutua, Unguja kutua. Watu wa mnara wa kuongozea ndege wametoa ruhusa ya mazoezi, hawakutoa ya kutua. Nikamwambia basi aiombe, si anaomba kila kitu? Akasema hilo lingebadilisha safari yote, na kijana ana mtihani kesho, na Dar wanawangojea saa saba na nusu. Alisema kwa adabu kabisa. Mtu akikukatalia kwa adabu, huna hata pa kumshika.

Nikahesabu. Dar, kisha kurudi. Nikamwona Salim kwenye meli yake na Zuwena kakaa kwenye mkeka na hina mikononi bure. Hasira zikanipanda, na chini ya hasira kulikuwa na hofu, maana nilijua atasema nimefanya makusudi. Ya yule wa Makunduchi hakunisamehe mpaka leo.

Ndipo nikakumbuka kwamba walii anaweza kumwakilisha mtu mwingine, yaani kumpa uwakili aozeshe badala yake. Nikimwakilisha shehe anayefungisha nikaha, neno langu linakuwa kinywani mwake, na nikaha inapita bila mwili wangu kuwepo. Tatizo ni kulifikisha neno hilo chini kutoka angani. Nikamtazama Kapteni na ile redio yake.

Nikamwomba niitumie, akakataa. Redio ni ya mambo ya ndege. Nikamweleza tena. Akakataa tena, lakini Bi Time, ambaye hajui neno la Kiingereza, akamgonga begani na kipande cha mkate wa mofa.

"Mwambie, mwanangu, mie ntu mzima. Nimekaa kimya Tanga, nimekaa kimya hapa. Sasa ampe ntu redio yake au ntafungua huu nlango."

Nikafasiri, isipokuwa habari ya mlango. Kapteni aliutazama mkono wa Bi Time, ambao kwa kweli ulikuwa mlangoni, akazungumza na mnara haraka haraka, kisha akanivika masikio ya redio na kunipa kipaza sauti.

"Ee, wa mnarani," nikasema, "unajua Kiswahili?"

Redio ikakwaruza. Kisha sauti ya mtu wa mjini, safi: "Nakijua. Nani huyo?"

Nikajitaja. Nikamwambia: mimi Khamisi, walii wa Zuwena dada yangu, nimemwakilisha shehe anayefungisha nikaha leo nyumbani kwa Bi Moza, Vikokotoni, amuozeshe Zuwena kwa Salim.

Yule bwana akafanya kama alivyofunzwa kazini. Alirudia yote neno kwa neno, bila kucheka: "Wewe Khamisi, walii wa Zuwena, umemwakilisha shehe anayefungisha nikaha leo nyumbani kwa Bi Moza, Vikokotoni, amuozeshe Zuwena kwa Salim. Sawa?"

"Sawa."

"Mashahidi unao huko?"

"Mie!" akapiga kelele Bi Time.

"Hawahitajiki kwa uwakili," nikasema. "Utalifikisha?"

"Naliandika, kisha nitamtuma mtu na baiskeli."

Bwana Pazia alikuwa amesikia maneno mengi marefu kwenye masikio yake bila kuona chochote. Akauliza kwa sauti ya kutetemeka, "Nishuke mpaka kimo gani?"

"Hiyo si yako," akasema Kapteni.

Tukashuka mara ya pili, tukapanda. Tukashuka mara ya tatu, tukapanda. Madereva wa taksi walikuwa wameamka, wametoka nje, wanatupungia mkono.

Dar es Salaam, kwa chai

Pale Dar Wazungu walikwenda kunywa chai ndani. Sisi tulionyeshwa benchi chini ya dirisha la ofisi, tukala mikate ya mofa iliyookotwa sakafuni na pweza aliyesafiri kuliko sisi. Alikuwa mtamu, sitamsingizia.

Saa nane Kapteni akatoka. Saa nane na robo akarudi ndani. Karatasi ya kurudi Unguja ilikuwa na kosa. Saa waliyoiandika ya kuondoka imeshapita walipokuwa wakinywa chai, kwa hiyo iandikwe nyingine, ipelekwe, ingojewe. Nikaenda dirishani mwenyewe. Alikuwepo karani mmoja mwenye kalamu sikioni. Nikamwambia ndege ile pale, marubani wale pale, mbingu nyeupe, na Unguja kutoka hapa si mbali. Kinachongojwa nini?

Akaitazama karatasi, akaishika kwa vidole viwili, akaigeuza upande wa pili. "Bado," akasema.

"Bado kwa nini?"

"Bado." Akaiweka chini.

Nilirudi kwenye benchi. Nikamwambia Bi Time kwamba sijapata kuona mtu mwenye kiburi kama yule, kukalia safari ya watu kwa sababu ya karatasi. Bi Time alikuwa anatafuna polepole.

"Na weye ghalani huwaambii watu vino?"

"Mimi nazipima, Bi Time. Karafuu mbichi huoza."

"Mwaka jana mwanangu alikuletea magunia mawili. Kisiwa Panza mpaka Mkoani kwa mashua, Mkoani mpaka Chake kwa gari. Ukavunja punje, ukanusa, ukasema bado. Zilikuwa kavu zakatika. Alirudi nazo, mvua ikamkuta njiani, zikaoza kweli."

Nikasema sikumbuki.

"Weye hukumbuki," akasema, akanipa kipande kingine cha pweza. Nikakipokea kwa sababu nilikuwa na njaa.

Saa kumi kasoro ruhusa ikatoka. Mle ndani ya ndege nilisikia adhana kichwani mwangu ingawa hapakuwa na mwadhini. Bwana Pazia alikuwa amechoka, turubai amelikunja miguuni. Tulipofika juu ya Unguja alitazama nje, akauona uwanja, akatua. Ilichukua dakika chache tu, na hakuna aliyeshangaa isipokuwa mimi.

Vikokotoni, kwa mlango wa uani

Niliagana na Bi Time pale uwanjani. Mwanawe alikuwa kamletea gari, na mjukuu mchanga ndani yake, na hapo mama yule mkali akalia mbele ya watu bila kujificha. Mimi nikapata taksi. Dereva aliniuliza kama nilikuwemo katika ile ndege iliyokuwa ikicheza mchana. Nikamwambia atazame njia.

Nilifika kwa Bi Moza saa kumi na moja. Sahani zilikuwa zinaoshwa. Barazani walibaki wanaume wachache wakipangusa midomo, na waliponiona wakainama kama watu waliobanwa na kikohozi. Nikazunguka mlango wa uani. Bi Moza akanipokea, akanishika mikono yote miwili.

"Karibu, baba. Pole na safari. Karatasi yako imefika. Yule wa baiskeli kapata pancha njiani, kaileta watu wanakula. Shehe kaisoma kwa sauti, wanaume wamecheka mpaka mmoja kapaliwa na biriani."

"Wamechekea nini? Ni uwakili halali."

"Halali, baba, halali. Kaa unywe maji."

"Lakini imefika watu wakila. Kabla ya karatasi, kaozesha nani?"

Bi Moza akatazama pembeni. Zuwena akatoka chumbani. Alikuwa amevaa nguo zake za harusi, hina imekolea, na alikuwa mzuri. Nalisema waziwazi kwa sababu sikupata kumwambia yeye. Akakaa kwenye kigoda mbele yangu.

"Jumatatu tulikwenda gatini kukupokea," akasema. "Meli ikashusha watu wote. Mwisho ikashusha barua yako. Jumanne asubuhi nikavaa buibui nikaenda kwa kadhi. Akaniuliza walii wako yuko wapi. Nikamwambia Pemba, anapima karafuu. Akaniuliza, kakataa? Nikamwambia hakukataa, kasema nusu saa."

"Na kadhi?"

"Akauliza kuhusu wale wawili. Nikamweleza. Akasema walii akiwa mbali masafa yale, kadhi husimama mahali pake. Akamwita Salim na mashahidi. Kaka, mimi ni mke wa mtu tangu Jumanne."

Nilisimama. Nikakaa tena, kwa sababu hapakuwa na pa kwenda.

"Na leo? Si mliniandikia Alasiri ya leo?"

"Leo ilikuwa yako," akasema. "Tungekukalisha mbele, na kanzu yako. Ungesema maneno yako, Salim angeitikia, watu wangekula. Kadhi kasema kurudia hakudhuru kitu. Usingejua."

Nikamuuliza kwa nini hawakunipigia simu ya upepo kuniambia. Nilikuwa karibu kupiga kelele. Nilimwambia nimezungushwa hewani siku nzima, nimekwenda Tanga, nimekwenda Dar, nimemwagiwa pweza, nimesema mambo ya ndani ya nyumba yetu kwenye redio ya Wazungu, yote kwa ajili yake, na kumbe hapakuwa na kitu cha kuwahi.

Zuwena hakukasirika. Laiti angekasirika.

"Kwa sababu ungesema ngojeni kidogo," akasema.

Bi Moza akaniletea sahani ya biriani iliyowekwa pembeni kwa ajili yangu, nyama zote nzuri juu. Nikanawa, nikala mbele yao. Hasira ziliisha kabla ya chakula. Aibu ilikuja baadaye, nayo ndiyo niliyorudi nayo Pemba, kwa meli.

Asubuhi ya Jumamosi niliamka nimpeleke Zuwena gatini kumuaga mumewe, kama inavyompasa kaka. Nikakuta ameshakwenda, na hakumuuliza mtu.